Mbwa ale mara ngapi kwa siku

Mbwa mzima mwenye afya ale mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, milo ikiachana kwa saa 10 hadi 12. Mtoto wa mbwa aliyetoka kuachishwa ziwa ale mara nne. Jibu fupi ndilo hilo, na mbwa wengi linawatosha. Ila wengi wanaouliza swali hili tayari wana shida mkononi: mbwa amenenepa, au mbavu zake zinahesabika, au anatapika povu la njano kila alfajiri, au anamaliza bakuli kwa nusu dakika kisha anaanza kuwakodolea watu macho. Shida hizo haziishi kwa kubadilisha idadi ya milo tu, kwa sababu idadi ya milo ni namna ya kugawa chakula cha siku. Asiyejua chakula cha siku ni kiasi gani hana cha kugawa. Akishauriwa ampe mbwa mara mbili, ataongeza bakuli la pili lililojaa sawa na lile la kwanza, na baada ya miezi michache mbwa atapanda ngazi akihema.

Kwa hiyo tuanze na uzito.

Chakula cha siku nzima ni kiasi gani

Mbwa mdogo mpakate, panda naye kwenye mizani ya bafuni, kisha upande peke yako na utoe tofauti. Mkubwa mpeleke kwa daktari wa mifugo, au umpandishe kwenye mizani ya chini ya kupimia magunia.

Nishati ambayo mwili wa mbwa hutumia akiwa amepumzika hupatikana kwa kuchukua uzito wake kwa kilo, kuupandisha kwa kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 70. Kwenye simu hesabu hiyo haina ugumu. Andika uzito na uuzidishe hadi utokee mara tatu (mbwa wa kilo 20: 20 × 20 × 20 = 8,000), bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√) mara mbili (89.4, halafu 9.46), kisha zidisha kwa 70. Utapata kilokalori 662. Huo ni msingi tu. Mbwa mzima aliyehasiwa au kufungwa kizazi, zidisha msingi huo kwa 1.6. Ambaye hajahasiwa, kwa 1.8. Mtoto wa chini ya miezi minne, kwa 3. Kuanzia miezi minne mpaka akome kukua, kwa 2. Mbwa mnene anayepunguzwa hubaki kwenye msingi wenyewe, ukihesabu kwa uzito unaotaka afikie na siyo uzito alionao leo.

Ukifanya hivyo kwa mbwa wazima waliohasiwa, wa kilo 10 anahitaji kama kilokalori 630 kwa siku, wa kilo 20 kama 1,060, na wa kilo 30 kama 1,435. Tazama namba hizo vizuri. Uzito umeongezeka mara tatu kutoka 10 hadi 30, lakini chakula hakijaongezeka hata mara mbili na nusu. Kupima kwa jicho, "mkubwa bakuli kubwa, mdogo bakuli dogo," huwanenepesha wakubwa na kuwapunja wadogo.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia. Mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana, mmoja akishinda amefungwa bandani na mwenzake akizunguka shamba kutwa. Mwamuzi wa mwisho ni mbavu, na mkono wako una kipimo chake. Funga ngumi, upapase vifundo vyake kwa kidole cha mkono wa pili: mbavu zikijitokeza hivyo, mbwa amekonda. Nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja karibu na vidole: mbavu zikigusika hivyo, yuko sawa. Geuza mkono, ubonyeze nyama ya kiganja chini ya vidole: mbavu zikifichika hivyo, amenenepa. Mpapase kila baada ya wiki mbili, na uongeze au upunguze asilimia 10 ya chakula cha siku, si zaidi, kisha usubiri wiki mbili nyingine.

Kumzuia mbwa asinenepe kuna faida iliyopimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa robo pungufu ya chakula walichokula wenzao. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Kwa Labrador, anayeishi miaka kumi na kitu, miaka miwili ni mingi.

Chakula kikavu cha dukani mara nyingi kina kilokalori 3,500 hadi 4,000 kwa kilo. Soma mfuko, na usipoikuta namba hiyo anza na 3,500. Mbwa wa kilo 20 anayehitaji 1,060 basi anapata kama gramu 300 kwa siku, yaani gramu 150 kila mlo. Pima mara moja kwa mizani ya jikoni, mimina ndani ya kikombe kimoja, weka alama ya kalamu pale chakula kilipofika, na kikombe hicho kiwe cha mbwa siku zote. Vinginevyo kipimo kitabadilika kila anapobadilika mtu wa kulisha.

Ugali unabadilisha hesabu

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazilishi chakula cha mfuko. Zinapika ugali wa mbwa, kwa dagaa au omena, utumbo, vichwa vya samaki, na mabaki ya mezani. Hilo si kosa. Watafiti wakiongozwa na Wasweden walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni la kimeng'enya kinachovunja wanga, wakati mbwa mwitu wa kijivu wa kaskazini, ambao ndio asili yake, ana mbili tu. Mbwa amekaa na watu muda mrefu hata tumbo lake likazoea nafaka. Sharti nafaka hiyo iive.

Shida ya ugali ni maji. Unga mkavu wa mahindi una kilokalori kama 360 kwa kila gramu 100, lakini ukishasongwa umebeba maji yenye uzito mkubwa kuliko unga wenyewe, na kila mpishi huweka kiasi chake. Kwa hiyo upime unga kabla haujaingia sufuriani, usipime ugali. Chukua mbwa wa kilo 25 aliyehasiwa, anayehitaji kama kilokalori 1,250. Unga gramu 200 unatoa 720. Dagaa wakavu gramu 100 wanatoa kama 300. Utumbo uliosafishwa gramu 100 unakaribia 100, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia 120. Jumla ni 1,240. Dagaa waoshwe maji mawili matatu mpaka mchanga uishe, kwa kuwa wengi huanikwa chini. Waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweshwe kwanza. Usiwakate vichwa wala kuwatoa miiba: kwenye mifupa ile laini ndimo ilimo chokaa (kalsiamu) ambayo unga na nyama havina ya kutosha. Chemsha dagaa na utumbo kama dakika 20, mimina unga, songa mpaka uive kabisa, ongeza mafuta, acha upoe. Mara mbili kwa wiki badilisha nusu ya utumbo kwa maini. Hata hivyo, pishi hili hubaki na upungufu wa baadhi ya madini na vitamini, hasa zinki na vitamini E, kwa hiyo mbwa anayekula hivi mwezi hadi mwezi anahitaji unga wa madini atakaopangiwa na daktari wa mifugo.

Sasa pima sufuria hiyo: inakaribia kilo moja. Nishati ileile kwenye chakula kikavu ni gramu 350. Ndiyo maana idadi ya milo ina uzito zaidi kwa mbwa wa ugali kuliko kwa mbwa wa chakula cha mfuko. Ukimwekea kilo nzima saa tatu usiku, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, tumbo linatanuka kupita kiasi, mbwa analala fofofo saa zilezile unazotaka awe macho, na kinyesi cha asubuhi kinatoka laini chenye unga usiosagika. Mbwa yuleyule, chakula kilekile, ukikigawa nusu asubuhi na nusu jioni, mara nyingi kinyesi hukauka ndani ya wiki bila dawa yoyote.

Mambo matatu ya sufuria ya mbwa hayana mjadala. Mchuzi wenye vitunguu, viwe vitunguu maji au saumu, usimwagiwe juu ya ugali wake. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Unga ulioota ukungu usigeuzwe "wa mbwa." Sumukuvu, ile iliyoua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, huua ini la mbwa vilevile, na moto wa jikoni hauiteketezi. Na viungo vya ndani vya mbuzi, kondoo au ng'ombe asilishwe vibichi, hasa mapafu na maini yenye malengelenge ya maji: hayo ni mnyoo mdogo wa mbwa ukiwa bado lava, katika hatua yake ya kati, ambao humrudia binadamu kama uvimbe wa maji tumboni. Ugonjwa huo umewatesa sana wafugaji wa Turkana na wa Umasaini. Vichemshwe nusu saa, au vizikwe mbali.

Watoto wa mbwa

Hapa idadi ya milo si suala la mazoea tena. Mtoto wa kilo 5 mwenye miezi mitatu anahitaji kama kilokalori 700 kwa siku. Kwa pishi la ugali tulilotaja, hiyo ni zaidi ya nusu kilo ya chakula, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake mwenyewe. Hakiingii kwa milo miwili. Ukimlisha mara mbili, atashiba kabla hajapata kinachomtosha, tumbo litavimba na mgongo utabaki mifupa, na wewe utadhani anakula sana.

Anaanza kuonja chakula laini akiwa na wiki tatu au nne, na kuachishwa ziwa hukamilika kati ya wiki ya sita na ya nane. Tangu hapo mpaka miezi mitatu, mpe mara nne: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni, na saa 4 usiku. Mlo wa usiku uwe mdogo kuliko mingine ili asiamke kujisaidia. Miezi mitatu hadi sita, mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Akifika miezi sita, mara mbili. Watoto wa mbwa wakubwa sana, kama Great Dane na Boerboel, hukua mpaka mwaka na nusu. Kwao ni vizuri kubaki na mara tatu miezi michache zaidi. Mara nyingi mtoto mwenyewe hukuonyesha muda umefika: anaanza kuuacha mlo wa mchana nusu, siku tatu nne mfululizo, akiwa mchangamfu. Ondoa mlo huo na ugawe kiasi chake kwenye milo iliyobaki. Kosa la kawaida ni kuondoa mlo na chakula chake pia, mtoto akakosa theluthi ya siku katika umri anaokua kwa kasi.

Wadogo wa maumbile, Chihuahua, Yorkshire Terrier, Maltese na machotara wao, wabaki na milo minne mpaka miezi minne au mitano. Ini la mtoto kama huyo huhifadhi sukari kidogo mno, na akikaa saa nyingi bila kula sukari ya damu hushuka. Analegea, anayumba, anatetemeka, na mwishowe anapata degedege. Ukiiona hali hiyo, pakaza asali au glukosi kwenye fizi zake kwa kidole, usimmiminie kitu kooni, na uende kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Mwenye kazi ya kutwa asimnunue mtoto wa aina hii kama hakuna mtu nyumbani wa kumpa mlo wa mchana.

Ratiba ya milo ndiyo pia ratiba ya choo. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka, na mtoto wa mbwa hutaka kujisaidia kati ya dakika 5 na 30 baada ya kula. Mtoe nje palepale kila baada ya mlo, mahali pamoja. Mtoto anayekula saa zilezile hufundishika haraka. Anayekula ovyo hujisaidia ovyo, na kumchapa hakubadilishi saa za utumbo wake.

Tumbo la mtoto likivimba, kabla ya kulaumu chakula fikiria minyoo. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane. Miguu ya mbele ikianza kupinda, tazama chokaa: mtoto anayekula ugali na nyama bila mifupa laini ya samaki huipata kidogo mno. Anayekula chakula cha mfuko cha watoto asiongezewe chokaa, kwa kuwa ikizidi nayo huharibu mifupa, hasa kwa mbegu kubwa.

Mbwa mkubwa na tumbo kujipinda

German Shepherd, Great Dane, Rottweiler, Doberman, Boerboel, na yeyote mwenye kifua kirefu na chembamba, yuko kwenye hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda kwenye mhimili wake. Mlango wa kuingilia na wa kutokea yote hujifunga, mishipa ya damu hubanwa, na mbwa hufa ndani ya saa chache. Dalili yake kuu ni kutapika bila kutoa kitu: mbwa anajikakamua, anajikunja, linatoka povu la mate tu. Tumbo linakaza kama ngoma, hatulii, analala na kuamka. Hakuna dawa ya nyumbani kwa hali hiyo. Usimpe maziwa wala mafuta, usingoje asubuhi. Ni upasuaji, na kila nusu saa inahesabika.

Mambo yanayoongeza hatari yanajulikana: umri mkubwa, kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kupatwa, kula kwa pupa, na kula mlo mmoja mkubwa kwa siku. Mawili ya mwanzo huna uwezo nayo. Mawili ya mwisho unayo. Mbwa wa kundi hili asile mlo mmoja kwa siku kamwe, na kama anakula ugali, milo mitatu ni salama kuliko miwili. Anayekula kwa pupa mtandazie chakula kwenye sinia pana, au weka ndani ya bakuli jiwe laini lililooshwa, kubwa kuliko mdomo wake, ili alazimike kuzunguka. Mbwa wawili wasilishwe bega kwa bega, maana kila mmoja atameza akimwogopa mwenzake. Tenganisha bakuli kwa mlango au kwa kona ya nyumba. Bakuli lililoinuliwa kwenye kistuli wengi hulidhania kinga, ila utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwakuta wanaolia juu wakiwa na hatari zaidi. Liweke chini. Na asikimbizwe saa moja kabla ya kula wala saa mbili baada yake.

Mbwa wa ulinzi

Huyu anafanya kazi usiku, kwa hiyo siku yake imegeuka, na ratiba yake igeuke naye. Mlo mkubwa, theluthi mbili ya chakula cha siku, apewe asubuhi akishafungwa na kupumzika kama nusu saa, akaumeng'enye akiwa amelala bandani. Theluthi iliyobaki apewe saa 10 au 11 jioni, angalau saa mbili kabla ya kufunguliwa. Kwa Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na kwingine kwenye joto, mlo wa asubuhi uwe kabla jua halijapanda, kwa sababu kumeng'enya chakula kwenyewe huzalisha joto mwilini na mbwa hana jasho la kutosha kulipoza.

Wapo wanaoamini mbwa wa ulinzi akilala njaa ndiyo huwa mkali. Njaa haimfanyi mlinzi. Inamfanya achakure taka, aruke ukuta, na apokee kipande cha nyama kutoka kwa mtu yeyote, kikiwemo kilichotiwa sumu. Mbwa aliyekula saa zake, kutoka mkono anaoujua, ndiye rahisi kumzoeza akatae chakula cha mgeni.

Mara moja kwa siku haitoshi?

Kwa mbwa mzima wa wastani, mwenye afya, anayekula chakula kikavu, mlo mmoja kwa siku hautamdhuru. Tumbo la mbwa limeumbwa kupokea kingi kwa mara moja. Mwaka 2022 mradi wa Marekani unaofuatilia uzee wa mbwa, Dog Aging Project, ulitoa matokeo kutoka kwa mbwa zaidi ya 24,000: waliokuwa wakila mara moja kwa siku waliripotiwa kuwa na magonjwa machache ya meno, tumbo, figo na ini. Habari hiyo ilisambaa haraka, na wapo walioacha kulisha asubuhi siku ileile.

Tusiende mbio. Watafiti waliwauliza wenye mbwa kwa wakati mmoja. Hawakuwagawa mbwa makundi mawili na kuwalisha tofauti kwa miaka. Mbwa mgonjwa mara nyingi huambiwa na daktari ale kidogo kidogo mara nyingi, kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa ndio ulioleta milo mingi, na siyo milo kuleta ugonjwa. Watafiti wenyewe waliliandika tahadhari hilo. Tena, mbwa wengi huko hula chakula kikavu, ambacho siku nzima kinaingia kwenye bakuli moja dogo. Kilo moja ya ugali ni jambo jingine. Anayetaka kubaki na mlo mmoja kwa mbwa wa kilo 12 anayekula chakula cha mfuko na anayeendelea vizuri, abaki nao. Kwa mengine yote, mara mbili ina faida ambayo utafiti huo haukuipima: ni nafasi ya pili ya kuona kwamba mbwa hali. Mbwa aliyeacha chakula cha asubuhi unamgundua jioni hiyohiyo.

Bakuli lililojazwa na kuachwa kutwa, mbwa ajilie apendavyo, halifai. Hujui amekula kiasi gani, wanenepao hunenepa, chakula chenye maji huchacha ndani ya saa mbili kwenye joto, na usiku huja panya, wanaoacha mkojo wenye vijidudu vya leptospira. Mbwa apewe dakika 20. Asipomaliza, ondoa, asubiri mlo ujao. Maji pekee ndiyo yakae muda wote, mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi wakati wa joto au akila kikavu.

Ni jike anayenyonyesha tu anayestahili bakuli lisiloondolewa. Katika wiki tatu za mwisho za mimba, ambayo kwa mbwa ni siku kama 63, watoto hubana tumbo lake, kwa hiyo chakula kiongezwe polepole lakini kigawanywe milo mitatu hadi minne midogo. Akishazaa, wiki ya tatu na ya nne ndizo kilele cha maziwa, na mama wa watoto wanane anaweza kuhitaji mara tatu ya chakula chake cha kawaida. Hapo ugali hautoshi hata apewe mara sita. Mpe chakula cha watoto wa mbwa, chenye nishati nyingi, muda wote.

Anayetapika povu la njano alfajiri huku akiwa mzima siku nzima, mara nyingi ni nyongo imepanda kwenye tumbo lililokaa tupu muda mrefu. Chukua sehemu ndogo ya mlo wa jioni umpe saa 4 au 5 usiku. Ikiwa ni hiyo, ataacha ndani ya siku chache. Asipoacha, tatizo liko kwingine. Mwenye kisukari ale mara mbili, saa 12 zikiachana kamili, pamoja na sindano yake ya insulini. Aliyewahi kuugua kongosho ale milo mitatu au minne yenye mafuta kidogo. Mzee aliyeng'oka meno alainishiwe kwa maji ya uvuguvugu.

Kuhamia ratiba mpya

Usihamishe kwa siku moja. Kama mbwa amezoea mlo mmoja wa usiku, siku mbili za kwanza mpe robo ya chakula asubuhi na robo tatu usiku, siku mbili zinazofuata theluthi na theluthi mbili, kisha nusu kwa nusu. Asubuhi za mwanzo huenda asile. Ondoa bakuli, usimwongezee usiku. Ukibadilisha na aina ya chakula pia, hilo lifanyike wiki nyingine, ukichanganya cha zamani na kipya kwa siku saba, ama sivyo akiharisha hutajua kimemsumbua nini.

Penye watu wengi nyumbani, pima chakula cha siku nzima asubuhi na ukiweke kwenye chombo kimoja chenye kifuniko. Kilichopikwa kikae kwenye friji, na pasipo friji kipikwe mara mbili. Dada wa kazi, watoto na mlinzi wa getini wote wachukue humo humo. Kikiisha, kimeisha. Vitafunio vihesabiwe pia, visizidi sehemu moja ya kumi ya siku: chapati moja ina karibu kilokalori 300, na kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni karibu nusu ya siku yake. Mwezi wa Ramadhani jiko la nyumba huhamia futari na daku. Sufuria ya mbwa ibaki na saa zake.

Mbwa mzima akikataa mlo mmoja na huku anacheza, subiri mlo unaofuata. Akikataa siku nzima, au akikataa huku ametapika, anaharisha au amejikunyata, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa chini ya miezi sita asingojewe siku nzima: milo miwili mfululizo ikimpita, hasa kama chanjo zake hazijakamilika, aondoke nyumbani siku hiyohiyo kwenda kuangaliwa kama ana parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo.